Dhahabu ya kuchovya kwenye bodi za elektroniki: ni nini, na kwa nini ni nyembamba vile

Hapa Tanga neno "kuchovya" halina sifa nzuri. Mkufu wa kuchovya ni ule ambao sonara akiupokea anaugeuza mara moja tu na kukurudishia mkononi. Ndiyo maana mteja akiona vidoa vya manjano vinang'aa kwenye bodi ya redio yake, nikamwambia hiyo ni dhahabu kweli ila ya kuchovya, uso unamkunjamana. Anaona kaibiwa. Hajaibiwa, na ningependa kila mwenye bisibisi mkononi ajue kwa nini.

Kwenye bodi, dhahabu ya kuchovya ni utando wa dhahabu halisi uliokaa juu ya nikeli, na nikeli hiyo imekaa juu ya shaba. Tabaka zote mbili huwekwa kwa kuitumbukiza bodi kwenye maji yenye kemikali. Kuna aina mbili. Ya kwanza huwekwa bila umeme, ndiyo ile ambayo karatasi za viwandani huiandika ENIG. Ya pili huwekwa kwa umeme, nayo huitwa dhahabu ngumu. Kwa macho zinafanana, lakini kazi zake ni mbalimbali kabisa.

Tuanze na shaba, maana yeye ndiye mwenye nyumba. Njia zote za umeme kwenye bodi ni shaba. Shaba ikiachwa wazi hewani inashika oksaidi, inafifia, na lehemu inakataa kuishika. Inajiviringa kama tone la maji kwenye jani la mgomba. Kwa wanaokaa karibu na maji, Sahare au Raskazone, shaba iliyo wazi haichukui muda kugeuka kijani. Sasa mtu atauliza: si tuweke dhahabu moja kwa moja juu ya shaba, tumalize? Haifai. Atomu za shaba hupenya polepole katikati ya atomu za dhahabu mpaka zikatokea juu, na huko juu zinashika oksaidi kama kawaida. Joto likizidi, safari hiyo inakuwa ya haraka zaidi. Nikeli katikati ni ukuta wa kuzuia safari hiyo.

Kuna jaribio la darasani linaloeleza nusu ya jambo hili. Chukua msumari wa chuma uliosuguliwa, uutumbukize kwenye maji ya mrututu, ule unga wa buluu. Baada ya dakika chache msumari unavaa rangi nyekundu ya shaba. Hakuna betri wala waya. Chuma huachia elektroni kwa wepesi kuliko shaba, kwa hiyo atomu ya chuma inaacha elektroni zake na kuingia majini, na ioni ya shaba, yaani atomu iliyopungukiwa elektroni, iliyokuwa majini inazichukua elektroni hizo na kukaa pale chuma kilipotoka. Ni kubadilishana nafasi. Kumbuka msumari huo, tutaurudia.

Nikeli inawekwa kwa njia nyingine. Kwanza bodi inapitishwa kwenye chumvi ya metali iitwayo paladi, na chembe chache za paladi zinakaa juu ya shaba kama mbegu. Kisha inaingia kwenye maji ya moto, kati ya nyuzi 80 na 90 hivi, yenye chumvi ya nikeli pamoja na haipofosfaiti. Haipofosfaiti ndiyo inayotoa elektroni, na paladi ndiyo inayouanzisha mmenyuko, kwa sababu juu ya shaba tupu mmenyuko hauanzi. Nikeli ya kwanza ikishakaa, yenyewe inaendelea kuuchochea mmenyuko, tabaka juu ya tabaka, mapovu ya haidrojeni yakipanda. Fosforasi kidogo huingia ndani ya nikeli, mara nyingi kati ya asilimia 7 na 10. Dakika 20 hivi zinatosha kufikia unene wa kawaida, maikromita 3 hadi 6 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita).

Njia hii iligunduliwa bila kutafutwa, nayo ni hadithi ninayoipenda. Abner Brenner na Grace Riddell, wa taasisi ya taifa ya vipimo ya Marekani, walikuwa wakipaka nikeli kwa umeme wakaongeza haipofosfaiti ili kuzuia uharibifu mwingine kwenye beseni lao. Walipopima, nikeli iliyokaa ilikuwa nyingi kuliko umeme walioupitisha ungeweza kuweka. Hesabu haikulingana. Wangeweza kulaumu mizani. Wao wakaifuata hesabu, wakakuta sehemu ya nikeli inajiweka yenyewe bila umeme. Walichapisha matokeo yao mwaka 1946.

Sasa dhahabu, na hapa ndipo msumari wa mrututu unaporudi. Bodi yenye nikeli inatumbukizwa kwenye maji yenye dhahabu, ambayo viwandani mara nyingi huwa imefungwa na saianidi ili itulie majini. Nikeli inaachia elektroni mbili na kuingia majini. Ioni mbili za dhahabu zinachukua moja moja na kukaa. Atomu moja inaondoka, mbili zinaingia. Lakini tazama kinachofuata: kadiri dhahabu inavyokaa, ndivyo nikeli inavyofunikwa. Nikeli iliyofunikwa haiguswi na maji, haitoi elektroni, na pasipo elektroni dhahabu haina njia ya kukaa. Kazi inapungua mwendo mpaka inakaribia kusimama yenyewe.

Kwa hiyo wembamba wa dhahabu hii hauji kwa ubahili wa kiwanda. Kemia yenyewe inafunga mlango. Kiwango cha ubora cha viwanda vya bodi, kiitwacho IPC-4552, kilipotoka mwaka 2002 kiliweka maikromita 0.05 kuwa kima cha chini cha dhahabu hiyo. Hizo ni kama atomu 200 zikipangwa moja juu ya nyingine.

Tufanye hesabu kwa kitu tunachokijua. Chukua kanga moja, upande mmoja tu si doti, mita moja na nusu kwa kama mita moja na kidogo. Ifunike yote kwa dhahabu ya unene huo, pasipo kuacha hata pindo. Umetumia kama gramu moja na nusu. Na bodi haijafunikwa yote. Dhahabu iko kwenye pedi tu, vidoa vidogo vidogo. Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu wapo vijana wanaochoma bodi uani na kuzimwagia asidi wakitafuta dhahabu. Moshi ule una sumu, mvuke wa asidi unaharibu mapafu, na gramu moja ingewataka rundo la bodi ambalo hawana.

Dhahabu nyembamba hivyo inafanya kazi gani basi? Inalinda nikeli mpaka siku ya kulehemu, kwa kuwa nikeli nayo ikikaa hewani inashika oksaidi. Siku hiyo ikifika, dhahabu inaondoka. Haiyeyuki kwa joto, maana dhahabu inataka nyuzi 1064 na lehemu isiyo na risasi inayeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Inayeyuka kama sukari kwenye chai: bati la moto lililomo kwenye lehemu linaimumunya, na kufumba na kufumbua haipo tena pale juu. Kiungo chenyewe kinafungika kati ya bati na nikeli. Wengi wanadhani lehemu imeshika dhahabu. Hapana, imeshika nikeli. Na afadhali dhahabu iwe chache, kwa sababu ikifika asilimia 3 au 4 ya uzito wa lehemu, hujenga na bati vipande vigumu vinavyovunjika kama kaki.

Ubadilishanaji huo una ubaya wake pia. Maji ya dhahabu yakiwa makali mno, au nikeli ikiwa na kasoro, nikeli inaliwa kupita kiasi. Inayobaki ni ngozi yenye fosforasi nyingi, nyeusi, iliyojaa nyufa chini ya dhahabu inayong'aa vizuri tu. Mafundi huita pedi nyeusi. Niliwahi kuletewa redio ya boti iliyokuwa inazima kila boti ikipiga wimbi. Nilipoisukuma kidogo chipu kwa kibano, mguu ukainuka pamoja na lehemu yake yote, na chini pakabaki pedi tambarare, nyeusi, kama imepakwa masizi. Hapo hakuna unachoweza kulaumu kwenye ulehemuji. Unakwangua taratibu, unarudisha lehemu, na unamwambia mwenye redio ukweli kwamba nyingine zinaweza kufuata.

Aina ya pili ni kwa ajili ya msuguano. Yale meno ya RAM, kadi ya kumbukumbu ya kompyuta, yanayoingia kwenye nafasi yake, yanayochomekwa na kuchomolewa, yakipewa dhahabu ya atomu 200 hayafiki mbali. Kwa hiyo yanaunganishwa na umeme kwenye beseni la dhahabu, na umeme ndio unaoleta elektroni. Nikeli haihitajiki kuzitoa. Mlango haufungwi. Unene unafuata muda na nguvu ya umeme, na maikromita 0.75 hivi ni jambo la kawaida, mara 15 ya ile ya kwanza. Humo huongezwa kobalti, chini ya asilimia moja, na dhahabu inakuwa ngumu kuliko ile laini. Gharama yake ndiyo inayoifanya iwekwe kwenye meno tu.

Mwezi uliopita kijana ninayemfundisha alikuwa anasugua meno ya RAM kwa msasa. "Fundi, ona zilivyotakata," akaniambia. Zilikuwa zinang'aa kweli, lakini kwa weupe. Nikampa lenzi atazame. Katikati ya kila jino palikuwa na mfereji wa kijivu, nikeli tupu. Kompyuta ile iliwaka siku hiyo, maana nikeli safi inapitisha umeme vizuri. Ikarudi kabla mwezi haujaisha.

Sababu ni hewa yetu. Upepo wa kusi unaleta unyevu wenye chumvi, na chumvi ikipata nikeli iliyo wazi pembeni ya dhahabu, zinakuwa kama betri ndogo: nikeli inatoa elektroni, dhahabu inazipokea, na nikeli inaliwa haraka kuliko ingekuwa peke yake. Utando mwembamba wa ENIG una vitundu vidogo visivyoonekana, na humo mchezo uleule unatokea hata bila msasa. Kwa hiyo bodi iliyoguswa na maji ya bahari naitoa betri kwanza, naiosha kwa maji safi yasiyo na chumvi, halafu spiriti, halafu naianika vizuri. Meno nayafuta kwa kitambaa laini cha pamba chenye spiriti. Raba ya kufutia naikataa pia. Nyingine zina chembe za kukwaruza ndani yake.

Nilimwonyesha kijana jambo moja zaidi kwenye RAM ileile. Mara nyingi, pale jino linapoishia ukingoni mwa bodi, utaona kimkia chembamba cha shaba kimekatwa pamoja na ukingo. Hiyo ndiyo njia umeme ulikopitia wakati wa kuchovya. Ukikiona, jino lile limepakwa kwa umeme. Usipokiona, huwezi kuhukumu, kwa sababu viwanda vingine hukiondoa. Alizishika RAM nyingine tatu zilizokuwa mezani, moja moja, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mbili zilikuwa na vimkia. Ya tatu aliiweka pembeni, na chupa ya spiriti akaisogeza karibu.