Homa ya Bonde la Ufa: Homa Kushuka Siyo Kupona

Homa ya Bonde la Ufa ni ugonjwa gani?
Ni ugonjwa wa virusi uliotambuliwa nchini Kenya mwaka 1931, kondoo walipokuwa wakifa katika shamba moja la Bonde la Ufa. Mbu huueneza kwa mifugo, hasa baada ya mvua za mafuriko. Binadamu huambukizwa na mbu au, mara nyingi zaidi, kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa.

Homa ya mgonjwa wetu imeshuka baada ya siku tano. Si amepona?
Wengi hupona kabisa, lakini msiache kumwangalia. Kwa wachache, virusi hushambulia ubongo wiki 1 hadi 4 baada ya dalili za kwanza, na mara nyingine hata baada ya siku 60. Tunaletewa mfugaji aliyekwisha kurudi malishoni, ambaye asubuhi moja alisimama zizini akashindwa kuwataja ng'ombe aliowapa majina yeye mwenyewe, na ndugu zake wakasema ni uchovu. Siyo uchovu.

Inawezekanaje ubongo uugue baada ya homa kwisha?
Panya wa maabara wametusaidia kuelewa. Baadhi ya panya walioambukizwa hunusurika ini linaposhambuliwa, na virusi hutoweka humo; siku chache baadaye hufa kwa uvimbe wa ubongo, kwa kuwa virusi vilikwisha kujipenyeza huko.

Anaona watu wasiokuwepo na hatutambui. Je, hajapandwa na mashetani?
Hapana. Kuchanganyikiwa, kusahau, kizunguzungu, degedege na usingizi mzito baada ya homa ni dalili za ubongo kuugua. Mpelekeni hospitali leo. Anayetaka kumwombea amwombee njiani.

Tukisubiri mpaka kesho tuone?
Msisubiri. Tumechoka kupokea wagonjwa ambao wamelazwa nyumbani siku tatu wakifukizwa majani, wakati kila degedege inazidi kuwadhuru.

Lakini tunasikia kwamba ugonjwa huu hauna dawa. Twende kufanya nini?
Ni kweli kwamba hakuna dawa mahususi ya kuua virusi hivi. Hata hivyo, hospitali hutuliza degedege, huhakikisha mgonjwa anapumua vizuri, na humpima malaria na homa ya uti wa mgongo, ambazo hufanana na hali hii na zina tiba. Wengi wanaougua ubongo pekee huokoka, ingawa baadhi hubaki na ulemavu.

Ng'ombe akizidiwa, tumuwahi kwa kisu asife kibudu?
Tafadhali, msimchinje, msimchune wala msigawane nyama yake. Mifugo ikitupa mimba kwa wingi, mwiteni afisa mifugo, na msiguse vitoto vilivyotoka wala kondo la nyuma kwa mikono mitupu. Maziwa yachemshwe.

Tukifika hospitali tuseme nini?
Mwambieni daktari, hata asipouliza, tarehe homa ilipoanza na mnyama ambaye mgonjwa alimchinja, alimkamua au alimzalisha katika wiki za karibuni.