Udhamini wa michezo: benki inanunua nini uwanjani?

Udhamini wa michezo ni mkataba wa biashara. Kampuni inatoa fedha, vifaa au huduma kwa klabu, shirikisho au mashindano, nayo inapewa haki zilizoandikwa: jina lake kutangulia jina la ligi, nembo kukaa kifuani mwa jezi, mabango kuzunguka uwanja, meza ya kufungulia akaunti pale getini. Pasipo haki hizo, kilichotolewa ni msaada, hata kama kimekabidhiwa kwa hundi ya mfano mbele ya kamera.

Hapa Mwanza tunavichanganya vitu hivi kila msimu. Mfanyabiashara wa samaki anayeinunulia timu ya mtaani jezi na mipira kwa sababu anaipenda ni mfadhili. Tunamshukuru, na timu nyingi za mchangani zingekuwa zimekufa bila watu kama yeye. Lakini biashara ikimwendea vibaya akaacha kutoa, hakuna wa kumdai, maana hakuahidi chochote kwa maandishi. Mdhamini anadaiwa. Klabu nayo inadaiwa: isipovaa nembo kama ilivyokubaliwa, imevunja mkataba.

Kitu cha tatu ni haki za matangazo ya televisheni. Mwaka 2021 kampuni ya televisheni ya Azam Media ilisaini na TFF, shirikisho la soka la Tanzania, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Fedha hizo ni za kununua picha za mechi. Ukisikia ligi imepata mabilioni, uliza kwanza ni ya nani na yamenunua nini.

Kwa nini benki? Ukitaka jibu, simama nje ya uwanja wa CCM Kirumba. Si mbali na hapo ni Mwaloni, soko la samaki wakavu na dagaa ambalo wanunuzi hulifuata kutoka hata nchi jirani. Fedha nyingi hupita pale mkononi, kutoka kwa wenye mitumbwi hadi wachuuzi, na sehemu kubwa ya watu hao Jumamosi jioni wako jukwaani. Benki inauza kitu kisichoshikika: ahadi kwamba hela yako itakuwepo kesho. Mtu hawezi kuionja ahadi hiyo kama anavyoonja soda, kwa hiyo benki inahitaji kuzoeleka. Jina ambalo mwenye mtumbwi amelisikia kila wiki kwa misimu kadhaa, likitajwa pamoja na timu yake, halimtishi tena siku anapolikuta juu ya mlango wa tawi. Tena mteja wa benki si wa siku moja. Akishafungua akaunti huweza kukaa nayo miaka mingi, akakopa, akasomesha watoto kupitia hapo hapo. Ndiyo maana benki ina sababu ya kusubiri matunda ya udhamini kwa muda mrefu kuliko kampuni inayotaka kuuza bidhaa mwezi huu.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni benki ya NBC. Ligi Kuu ilianza kubeba jina la benki hiyo msimu wa 2021/22, na mwaka 2023 ukaongezwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya takribani shilingi bilioni 32.6, ukigusa Ligi Kuu, Championship (ligi ya daraja la pili) na ligi ya vijana. Ukigawa kwa miaka, ni kama bilioni 6.5 kwa mwaka kwa ngazi zote tatu. Fedha ni nyingi, lakini zikishagawanywa kwa mashindano matatu haziwezi kuendesha klabu. Kiongozi anayewaambia wanachama kwamba mdhamini wa ligi atalipa kila kitu hajafanya hesabu. Benki ya CRDB nao jina lao liko kwenye Kombe la Shirikisho la TFF, na tangu 2020 wanaendesha mbio zao wenyewe zinazochangia matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo.

Haki inayogombaniwa kuliko zote ni ile ya kuwa peke yako. Benki ikinunua jina la ligi, huwa inataka benki nyingine isionekane kwenye mabango ya ligi hiyo. Mambo hugongana pale klabu inapokuwa na wadhamini wake na ligi ina wake. Novemba 2021 kampuni ya GSM waliingia kama mdhamini mwenza wa Ligi Kuu. Simba wakakataa kuvaa nembo ya kampuni iliyokuwa ikiidhamini Yanga, na Februari 2022 GSM wakajitoa. Mkataba ulikufa kabla msimu haujaisha. Mambo kama hayo yanapaswa kumalizwa mezani, kabla nembo haijachapishwa kwenye jezi.

Sasa urefu wa udhamini, ambao kwangu ndio wenye uzito kuliko kiasi cha fedha. Mwaka 1973 uwanja wa tenisi wa Roland Garros, Paris, ulihitaji fedha za kutengeneza viti vipya vya wageni kwenye uwanja wake mkuu. Benki ya BNP ikatoa, ikapewa nafasi ya kuweka jina lake nyuma ya mstari wa mchezaji. Uhusiano huo umepita nusu karne, na benki hiyo, ambayo sasa ni BNP Paribas, imeingia hadi kwenye mashindano ya watoto na tenisi ya viti vya magurudumu. Mfano mwingine ni Rabobank ya Uholanzi. Ilimiliki jina la timu ya baiskeli ya kulipwa tangu 1996, ikajiondoa Oktoba 2012 wakati kashfa ya dawa za kuongeza nguvu ilipouchafua mchezo huo. Lakini haikuacha baiskeli za ridhaa na za vijana. Nauona uamuzi huo kuwa wa busara sana: waliochafua mchezo walikuwa juu, na mtoto anayejifunza kuendesha hakuwa na kosa.

Michezo ya ridhaa ni ile ambayo mchezaji halipwi mshahara. Ana kazi au shule yake, anacheza kwa sababu anapenda. Kwetu ndiyo michezo mingi: ndondo, netiboli ya maofisini, mbio za baiskeli za Usukumani ambazo zimewahi kubeba jina la Vodacom, mbio za mitumbwi ziwani zilizobeba jina la bia ya Balimi, na Rock City Marathon iliyoanza 2009, ambako mkimbiaji wa kulipwa na karani wa ofisi wanaanzia mstari mmoja. Michezo hii haina televisheni ya kuonyesha nembo, kwa hiyo mdhamini anayetazama faida ya haraka huipita. Lakini mchezaji wa kulipwa hutokea huko. Kijana anayeanza mazoezi uwanja wa Nyamagana akiwa na miaka 12 anahitaji miaka sita hivi kufikia timu ya wakubwa. Mkataba wa msimu mmoja umegharamia sehemu ya sita ya safari yake.

Mwanza inajua uchungu wa kukosa miaka hiyo. Zamani klabu nyingi zilibebwa na mashirika ya umma: Reli ya Morogoro, RTC Kagera, na hapa kwetu Pamba, TP Lindanda wenyewe, iliyoegemea sekta ya pamba. Mashirika yalipodhoofika, timu zikabaki hazina mlezi. Pamba ilikaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi msimu wa 2024/25 ikiwa Pamba Jiji, chini ya halmashauri ya jiji. Mbao FC, iliyoasisiwa na wauza mbao, iliwatoa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la Shirikisho pale Kirumba mwaka 2017 na kuwasumbua Simba fainali hadi dakika za nyongeza. Mwaka 2020 ikashuka daraja, Alliance, timu nyingine ya Mwanza, nayo ikashuka msimu huo huo. Sisemi fedha peke yake ndiyo sababu. Lakini ile miezi ya 2017, nchi nzima ikiwatazama, ilikuwa wakati wa kusaini mdhamini wa miaka mitano.

Katibu wa klabu ya ridhaa anayetaka kwenda kwa meneja wa tawi aanze na karatasi: cheti cha usajili wa klabu, katiba, akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja, na hesabu za msimu uliopita. Benki haiwezi kumwaminisha mteja wake kupitia klabu isiyojua hela zake zimekwenda wapi. Aeleze pia anauza nini: watazamaji wangapi huja, ni wauza dagaa, wanafunzi au madereva wa bodaboda, na wangapi kati yao hawana akaunti. Takwimu hiyo ya mwisho humvutia meneja kuliko picha ya kikombe.

Mkataba wenyewe utaje kiasi, tarehe za kulipa kila awamu, na fungu la vijana likae katika kifungu chake ili lisimezwe na posho za wakubwa. Uwe wa miaka mitatu au zaidi kama inawezekana, na useme kwamba upande unaotaka kuondoka utoe taarifa miezi sita kabla, ili klabu iwe na muda wa kutafuta mwingine msimu ukiwa haujaanza.