Hoja ya Mbiti kuhusu wakati, na uvivu wa kutaja makosa

Nikishafundisha orodha ya makosa ya kimantiki, wanafunzi wangu hugeuka marefa. Mwenzao hajamaliza sentensi, ameshatolewa kadi: huko ni kumshambulia mtu badala ya hoja, hiyo ni kujumlisha kwa pupa. Majina hayo ni mazuri, na baadhi ni ya kale sana. Aristotle alitaja aina 13 za makosa, sita za kilugha na saba zisizo za kilugha. Tatizo ni kwamba jina la kosa peke yake halijamshinda mtu. Kabla ya kulitaja, ipange hoja ya mwenzako kauli kwa kauli, tena uipange vizuri kuliko alivyoipanga yeye, ndipo uone ni kauli ipi inayobeba mzigo wote.

Darasani napenda kutumia hoja ya John Mbiti kuhusu wakati. Mbiti alikuwa Mkamba wa Kenya, kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa Makerere. Katika kitabu chake cha 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika alidai kwamba, katika fikra za jadi za Waafrika, wakati una pande mbili: uliopita, ambao ni mrefu mno, na uliopo. Ujao karibu haupo, kwa sababu jambo ambalo halijatukia haliwezi kuwa sehemu ya wakati. Pande hizo mbili akaziita Sasa na Zamani, maneno aliyoyachukua kwetu. Ushahidi wake mkuu ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kikuyu: njeo (maumbo ya kitenzi yanayoonyesha wakati) tatu za ujao ambazo, kwa hesabu yake, hufika kama miezi sita mbele, na kwa vyovyote hazivuki miaka miwili.

Tuipange sasa. Kauli ya kwanza: Kikamba na Kikuyu havina njeo wala maneno mahususi ya kusemea mambo ya mbele sana. Ya pili: watu ambao lugha yao haina nyenzo za kusemea jambo fulani hawana dhana ya jambo hilo. Ya tatu: lililo kweli kwa Wakamba na Wakikuyu katika suala hili ni kweli kwa Waafrika kwa jumla. Hitimisho: Waafrika, katika fikra zao za jadi, hawana dhana ya wakati ujao wa mbali.

Ukizikubali zote tatu, huna pa kutokea, hitimisho linafuata. Kwa hiyo anayesema hoja ya Mbiti "haina mantiki" amekosea mlango. Umbo lake ni zima, na kinachobaki kuulizwa ni kama kauli zenyewe ni za kweli. Angalia pia kwamba ushahidi wote wa vitenzi unaihudumia kauli ya kwanza tu. Ile ya pili nimeichimbua mimi. Imelala chini ya maandishi, na bila hiyo njeo za Kikamba hazitufikishi popote.

Kauli ya tatu ndiyo rahisi kuipiga, na ndiyo iliyopigwa zaidi. Lugha zenyewe ni mbili, zote za Kibantu, zote za Kenya, tena ndugu wa karibu. Mwaka 1987 mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana alionyesha kwamba Waakan, watu wa huko kwao, wana lugha na fikra za wakati ujao bila shida yoyote. Dai la "Waafrika kwa jumla" halihitaji pingamizi nyingi. Moja iliyo thabiti yatosha.

Hapo ndipo mtetezi hutafuta mlango wa nyuma. Mwambie kwamba watu wa Pwani hupanda minazi mirefu wakijua itazaa baada ya miaka sita au zaidi. Atajibu kwamba Pwani imechanganyika na wageni, kwa hiyo si mfano wa Mwafrika halisi. Mwanafalsafa Mwingereza Antony Flew aliueleza ujanja huu mwaka 1975 kwa mfano wa Mskoti: kila Mskoti anayevunja dai anaambiwa si Mskoti wa kweli. Dai halitavunjika kamwe, ila limelipa gharama kubwa, kwa maana halituelezi tena habari za watu walio hai. Limegeuka kuwa maana mpya ya neno "Mwafrika".

Mimi lakini naona udhaifu mkubwa uko kwenye kauli ya pili. Kifini hakina njeo ya wakati ujao. Mfini husema ya kesho kwa njeo ileile anayosemea ya leo, na sidhani kuna atakayesema Wafini hawapangi ya mbele. Na Kiswahili? Hapa wasomaji wangu huchangamka: kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo! Polepole. Maneno hayo yote yanaishia siku ya nne, kwa hiyo yakichukuliwa peke yake yanamsaidia Mbiti kuliko kumpinga. Kinachompinga ni kale ka -ta-, kanakosema "atarudi" iwe ni jioni hii au baada ya karne tatu. Hata hivyo Sasa na Zamani kwake ni vibandiko tu, hakudai kwamba Kiswahili ndicho ushahidi wake. Kumcheka kwa hilo ni kupiga pembeni.

Kuna wakosoaji wengine wanaopiga pembeni. Wa kwanza hudai Mbiti amesema mkulima wa Kiafrika hajui kwamba mvua itanyesha na mahindi yatakomaa. Hakusema hivyo. Mambo ya hakika, na yale yanayofuata mzunguko wa maumbile, aliyatengea nafasi yake kama wakati unaotarajiwa, ambao bado haujawa wakati halisi. Ndiyo maana nilichagua mnazi, nikaacha mahindi, ingawa nakiri mtetezi hodari angeweza kujaribu kuupenyeza hata mnazi kwenye mzunguko huo.

Wa pili huchimba asili. Tasnifu ya udaktari ya Mbiti huko Cambridge ilihusu mafundisho ya Agano Jipya juu ya siku za mwisho na jinsi yalivyopokewa Ukambani. Basi, wanasema, nadharia nzima ilishonwa ili kuwaelezea wamisionari kwa nini mahubiri ya mwisho wa dunia yalieleweka vibaya. Huenda. Hilo linatueleza kwa nini aliuliza swali lile, halitupi jibu la kama njeo za Kikamba zinavuka miaka miwili au la.

Na mwanafunzi anayefurahi kwamba sasa tumethibitisha Waafrika wana wakati ujao wa mbali, naye arudi kukaa. Hoja ikianguka, hitimisho lake linabaki bila tegemeo. Halijawa uongo kwa sababu hiyo. Ukiyaondoa maneno "Waafrika kwa jumla" na kuilegeza kauli ya pili, linabaki dai dogo: kwamba Wakamba wa jadi, katika mazungumzo yao, waliuzingatia wakati uliopita kuliko ujao. Dai hilo linaweza kuwa kweli kabisa, na hakuna jina la kosa litakaloliamua. Litaamuliwa na mtu anayejua Kikamba, akizipitia nyimbo, laana, mahari na viapo vya wazee, atazame vinafika umbali gani mbele.