Makande ya Kipupwe: Chakula cha Moto Kiwe Pia Chakula Kamili

Kipupwe kikishaingia Nyanda za Juu Kusini, Juni hadi Agosti, kuna asubuhi bustani za Makete, mkoani Njombe, huamka zimefunikwa na sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri. Mboga za majani zinaungua, jikoni yanabaki mahindi, maharage na viazi. Huu ndio msimu wa makande, na mimi kama afisa lishe nayapenda kweli: chungu kimoja kikipikwa vizuri kinamfaa mjukuu na babu yake.

Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, kimojawapo cha viungo vinavyounda protini, na maharage yanayo tele. Vikiiva pamoja, kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Shida ni kwamba nyumba nyingi maharage yanakuwa ya kuhesabu. Kwa mabakuli mawili ya mahindi, weka angalau bakuli moja la maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yachemke sana kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto. Maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara. Kitunguu, karoti na nyanya vitafuata. Mezani kata parachichi. Njombe tunayalima, tusiyauze yote.

Sasa chai. Baridi ikikaza, kikombe cha chai ya rangi kinakaa pembeni ya sahani, hata ya mtoto. Tanini iliyomo kwenye majani ya chai inayashika madini ya chuma ya maharage na mboga, mwili unashindwa kuyafyonza vizuri. Mjamzito na mtoto ndio wanaoumia zaidi. Wakati wa kula kunywa maji ya uvuguvugu, kula na chungwa au limao, maana vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Chai isubiri kama saa moja.

Nalisema hili kwa uchungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta takriban nusu ya watoto wa Njombe walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kwa taifa zima ni asilimia 30. Huu ni mkoa wenye maghala yaliyojaa. Watoto wetu wanashiba, lakini sahani zao hazijakamilika.

Ukila nje, supu na chapati kwa mama lishe ni raha ya asubuhi ya baridi, usijinyime. Ichukue ikiwa inachemka, kamulia ndimu, omba na mboga za majani. Onja kwanza kabla ya kushika chumvi: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na supu huja na ya kwake.

Kiporo nacho kinahitaji uangalifu, baridi isikudanganye. Chungu kikubwa cha makande hubaki vuguvugu katikati kwa saa nyingi, na bakteria hustawi humo. Yagawe kwenye vyombo vipana yapoe haraka, funika, na asubuhi yachemshe hadi yatokote yote.

Mkimaliza kupika, jiko la mkaa libaki nje. Kila kipupwe kuna wanaoliingiza chumbani wapate joto, wakafunga madirisha na kulala. Hewa ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na humuua mtu akiwa usingizini. Mtoto akitetemeka, mwongezee blanketi.