Je, wajua kwa nini kamera ya dukani hurudi mwaka 2000 umeme ukikatika?

Duka limevunjwa usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, kule Kenya. Naisema komini ya Kenya ya hapa Lubumbashi, si nchi. Asubuhi mwenye duka anamwita fundi, wanawasha skrini ya DVR, wanatafuta picha za jana, na mashine inawaambia hakuna kitu. Macho yote yanamgeukia mlinzi: huyu ndiye aliyezima. Kumbe picha zipo zote, hazijaguswa. Zimewekwa chini ya tarehe 1 Januari 2000.

DVR, ile mashine inayopokea picha za kamera na kuziandika kwenye diski, ina saa yake ndani. Moyo wa saa hiyo ni kipande kidogo cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa mbili mara 15 na utabaki na moja, yaani sekunde moja kamili. Umeme ukiwapo, saa hula umeme. Ukikatika, huponea betri bapa ya duara iitwayo CR2032, na jina lenyewe linaeleza umbo: upana milimita 20, unene 3.2. Ni volti 3 tu. Mahali ambapo umeme hauondoki, betri hiyo hukaa miaka bila kazi. Kwetu inapiga zamu karibu kila siku, na mashine ikikaa kwenye boksi dukani miaka miwili kabla hujainunua, betri inaweza kufika kwako imekwisha kuchoka.

Betri ikifa, umeme ukikatika saa nayo inasimama. Umeme ukirudi, mashine haina pa kushika, basi inashika tarehe iliyoandikiwa kiwandani. Nyingi huanza na mwaka 2000. Nyingine hurudi 1970, kwa sababu mifumo ya kompyuta ya ukoo wa Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Ubaya ni kwamba umeme ukikatika tena kesho, Mwaka Mpya wa 2000 unaanza upya, na siku mbili tofauti zinarundikana kwenye tarehe moja.

Dawa ya betri ni rahisi: chomoa mashine, fungua kifuniko, badilisha. (Kwenye baadhi ya mashine imechomelewa kwa risasi, hapo mwachie fundi.) Lakini tarehe ikishakaa sawa, bado saa inaweza kukudanganya, na kosa hili ndilo wengi hawalioni.

Kongo ina saa mbili. Lubumbashi, Goma na Bukavu wako saa 2 mbele ya saa ya dunia, UTC. Kinshasa iko saa 1 tu. Anayeseti DVR akaona jina la Kinshasa kwenye orodha na kulichagua kwa sababu ndio mji mkuu wetu, amekurudisha nyuma saa nzima. Kuiunganisha na intaneti hakumwokoi. Huduma ya NTP, inayosawazisha saa za kompyuta duniani, hutuma saa ya UTC peke yake. Kuongeza 1 au 2 ni kazi ya mashine yako, kadiri ulivyoiambia. Chagua mstari wa +02:00 hata kama mji ulioandikwa hapo ni Athens au Pretoria, kisha zima ile sehemu ya majira ya kiangazi. Athens husogeza saa zake kila mwaka, sisi hatusogezi.

Mashine iliyoachwa na saa ya China ni kichekesho kingine. China nzima hutumia +8, saa sita mbele yetu. Saa 07:00 asubuhi kwetu, kule ni 13:00, na skrini inayohesabu kwa saa 12 itaonyesha 1:00. Kwa anayehesabu saa za Kiswahili, hiyo ni saa moja kamili, na anaweza kuiona sawa mwaka mzima mpaka siku atakapotakiwa kupeleka picha polisi.

Turudi dukani. Fundi asiisahihishe saa kwanza! Aweke simu kando ya skrini, apige picha ya saa zote mbili pamoja. Tuseme simu inasema Jumatano 08:00, na DVR inasema 1 Januari 2000, 14:20. Maana yake mashine ilianza kuhesabu saa 14 na dakika 20 zilizopita, yaani Jumanne 17:40, umeme uliporudi. Kama mlinzi alisikia kishindo saa 01:00 usiku (saa saba usiku kwa Kiswahili), basi tangu umeme urudi hadi kishindo zilipita saa 7 na dakika 20. Tafuta 07:20 ya tarehe 1 Januari 2000.

Wala wasikae siku kumi wakibishana na mlinzi. Kamera nne, kila moja ikiandika megabiti 2 kwa sekunde mchana na usiku, hujaza gigabaiti 86 hivi kwa siku. Diski ya terabaiti 1 inajaa kwa siku 11 na nusu, kisha mashine inaanza kuandika juu ya picha za zamani. Wakinakili kipande chao kwenye flashi leo, ndipo waseti saa.