Mafua "mabichi" ndiyo yanayoambukiza zaidi

Mama kamleta mwanawe wa wiki tano, anahema kama aliyekimbizwa. Siku chache nyuma shangazi mtu alikuja kumwona mtoto. Akapenga kamasi kwa pindo la khanga, kisha akampakata na kumbusu. Alipozuiwa akasema, "Mafua yenyewe bado mabichi, hayaambukizi." Kauli hii hapa Dar naisikia kila siku, na imenichosha.

Mafua yanaanza kuambukiza lini?
Kabla hujajijua kuwa unaumwa. Mwenye virusi vya influenza huanza kuvitoa takriban siku moja kabla ya dalili. Mwenye UVIKO-19, siku moja au mbili. Ile daladala ya Mbagala uliyopanda jana, mvua inanyesha na vioo vimefungwa, tayari ulishagawa.

Si mpaka kamasi iwe nzito, ya njano?
Hapana. Siku tatu nne za mwanzo, pua inachuruzika maji na chafya hazikomi, ndipo unapoambukiza kuliko wakati wowote. Unjano unatokana na chembe nyeupe za damu zinazopambana. Haupimi uambukizaji.

Hata kama sina homa?
Hata kama huna homa. Hata kama ni chafya mbili tu. Hata kama wewe ndiye bibi wa mtoto. Salimia ukiwa mlangoni, hongera itafika. Kama ni lazima umshike, nawa kwa sabuni, vaa barakoa, na busu liache.

Yanakoma lini?
Influenza, siku tano hadi saba tangu dalili zianze. UVIKO-19 inaweza kufika siku kumi. Watoto wadogo na wenye kinga dhaifu huchukua muda zaidi. Kikohozi huweza kubaki nyuma virusi vikiwa vimeshaondoka, ila kikifika wiki mbili njoo upimwe makohozi. Kifua kikuu kina hesabu zake.

Nikimeza azuma?
Azuma inaua bakteria. Hivi ni virusi. Hutapunguza hata siku moja ya kuambukiza.

Mtoto mchanga akishapata?
Ana chini ya miezi miwili na ana homa, au hanyonyi, au mbavu zinabonyea akivuta pumzi: hospitali, usiku huo huo. Mafuta ya kumpaka kifuani yaache kabatini. Mfunue kifua akiwa ametulia, shika simu yenye saa, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikifika 60, rudia kuhesabu. Zikifika tena, tafuta bajaji.