Mita 60 kutoka ukingoni: kwa anayetaka kujenga sehemu ya mapumziko kando ya maji

Kila mwaka Desemba ikikaribia na watu wakianza kurudi nyumbani Moshi, malalamiko huongezeka katika ofisi yetu ya mazingira. Jirani wa Mto Weruweru anasema kuna mtu anamwaga zege ukingoni. Wa Mto Rau anasema baa mpya imechimba choo hatua chache kutoka mfereji wanaochota maji. Tukifika, mara nyingi tunamkuta mwenye mradi ana nia njema kabisa. Ana karatasi za eneo, ana muhtasari wa kikao cha kijiji, na nguzo zimeshasimama. Makala haya ni yake, na ni vizuri ayasome kabla ya kununua nondo.

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa la asili, ukingo wa mto, na bwawa. Kwa hiyo anayejenga kando ya bwawa la Nyumba ya Mungu, ziwa Chala au Duluti, na hata kando ya kijito kinachopita nyuma ya kihamba (shamba la ukoo la Wachaga), anabanwa sawasawa na mwenye hoteli kule Pangani pwani.

Kihamba cha urithi hakibadilishi kipimo. Tumelisema mikutanoni mara nyingi mno na bado tunajibiwa, "Babu alikuwa hapa kabla ya sheria yenu." Hakuna anayemnyang'anya mtu kihamba. Ardhi inabaki yako. Kinachozuiwa ni kuweka zege mahali pale. Na saini ya mwenyekiti wa kijiji, pamoja na heshima yote tuliyonayo kwake, si cheti cha mazingira.

Ukingo nao si pale maji yalipoishia wakati wa kiangazi. Eneo moja nilipima pamoja na fundi. Alishika tepu kwenye maji, tukapata mita 63, akafurahi. Nikamwomba atazame mkuyu uliokuwa karibu: kwenye matawi, usawa wa kifua, yalining'inia majani makavu, kipande cha kanga na mfuko wa saruji, vyote vimeletwa na maji ya masika. Tukapima upya kuanzia yalipofika maji yale. Nguzo ya kwanza ya banda ilikuwa mita 41.

Sasa utaratibu. Mradi husajiliwa kwa mamlaka ya mazingira kupitia mtaalamu aliyesajiliwa wa tathmini ya athari kwa mazingira. Usimtumie kijana wa steshenari. Kanuni za tathmini za mwaka 2005, zilivyorekebishwa 2018, zinagawa miradi katika makundi: A, ambayo ni lazima ifanyiwe tathmini kamili, B1, iliyo katikati, B2, yenye athari ndogo, na kundi maalumu. Kundi ndilo linaloamua uzito wa ripoti, kwa hiyo usilipie ripoti kabla ya kujua kundi lako. Wadau watahojiwa, wakiwemo wanaotumia maji chini yako. Wataalamu watatembelea eneo, ripoti itapitiwa na kurudishwa ikiwa na kasoro, ndipo cheti kitoke. Cheti hicho hakiondoi kibali cha ujenzi cha halmashauri. Ukichota maji ya mto kujaza bwawa la kuogelea, au ukitiririsha majitaka, unahitaji pia vibali vya bodi ya maji ya bonde chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Aliyekwisha kujenga huanzia kwenye ukaguzi wa mazingira, na ukaguzi hauhalalishi jengo lililo ndani ya mita 60.

Adhabu: kwa sheria ya 2004, kukwepa tathmini ni faini isiyopungua shilingi 500,000 na isiyozidi milioni 10, au kifungo cha miaka miwili hadi saba, au vyote viwili. Zaidi ya hapo unaweza kupewa amri ya kurejesha eneo lilivyokuwa, kwa gharama zako. Wengi huulizia faini tu. Amri hiyo ndiyo huumiza, kwa sababu kung'oa zege ukingoni na kupanda miti upya hakuna bei ndogo.

Mito ya Weruweru na Karanga huingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa pamoja na Mto Ruvu ndiyo inayojaza bwawa la Nyumba ya Mungu. Majani na mizizi ya ukingoni huzuia udongo usifike huko. Ukiyafyeka ili wateja waone maji vizuri, udongo unateremka hadi kwenye nyavu za wavuvi.

Ukija ofisini kuuliza, njoo na karatasi za eneo, mchoro wa awali na picha ya ukingo iliyopigwa wakati wa masika. Kama hujachimba msingi, tutakwenda nawe na tepu, na banda bado litasogezeka kwenye karatasi.